Kulainisha kingo za picha zilizokatwa duara: kwanza meno ya msumeno, sasa utepe wa kijivu

fundi_kadi ameuliza:

Habari za kazi, wakuu. Ninaomba msaada katika jambo ambalo limenisumbua wiki nzima. Ninaandika programu ndogo kwa Python, nikitumia maktaba ya Pillow, ya kutengeneza vitambulisho vya wanafunzi wa shule moja ya sekondari. Kila mwanafunzi ana picha ya pasipoti iliyopigwa mbele ya kitambaa cha buluu, na mwalimu mkuu ameomba picha hiyo ikae ndani ya duara, upande wa kushoto wa kadi, juu ya kijani kilichokolea ambacho ndicho rangi ya shule. Kadi ni ya ukubwa uleule wa kadi za benki, yaani milimita 85.6 kwa 54, na kwa kuwa printa yetu inachapa nukta 300 kwa inchi, turubai yangu ina pikseli 1011 kwa 638. Duara la picha lina kipenyo cha pikseli 300.

Nilianza kwa kutengeneza picha ya kijivu ya pikseli 300 kwa 300, yote ikiwa nyeusi, nikachora ndani yake duara jeupe kwa amri ya `ellipse`, kisha nikaitumia kama kiolezo cha kukatia: palipo peupe picha inabaki, palipo peusi inaondoka. Duara lilipatikana, lakini ukingo wake una meno kama ya msumeno. Juu, chini na kwenye mbavu mbili, ambako mstari wa duara unakaribia kunyooka, kuna ngazi ndefu zinazoonekana hata bila kukaza macho. Nilidhani printa ingezificha, kumbe mahali ambapo shati jeupe la sare linakutana na kijani, meno yanaonekana hata ukiishika kadi kwa mkono ulionyooshwa.

Nimejaribu mambo mawili. Kwanza nilipitisha kichujio cha ukungu cha Gauss juu ya picha iliyokwisha kukatwa. Meno yalipungua, lakini sura ya mwanafunzi nayo ikafifia, na kitambulisho ambacho sura haisomeki hakimfai mlinzi wa getini. Pili, nilitengeneza kiolezo kikubwa mara nne, nikakipunguza, nikakata picha kwa hicho, na kuihifadhi kama PNG isiyo na mandharinyuma. Kisha programu inaichukua PNG hiyo na kuibandika kwenye tabaka tupu lenye uwazi, pamoja na nembo na saini, na mwishoni tabaka lote linawekwa juu ya kadi. Meno yameisha kabisa. Tatizo ni kwamba kwenye kadi za walimu, ambazo ni nyeupe, kila duara sasa limezungukwa na utepe mwembamba wa kijivu, kana kwamba mtu amelipitia kwa penseli. Sikuchora mstari wowote pale, na nimepekua msimbo wote bila kuona unakotoka.

Ninaomba kufahamishwa njia iliyo sahihi, na pia chanzo cha utepe huo, maana nisipokielewa nitaukuta tena kwenye kazi nyingine.

---

mwl_jiometri amejibu:

Ndugu fundi_kadi, shukrani kwa kueleza tatizo pamoja na vipimo vyake, maana hapa vipimo ndivyo vinavyotoa jibu. Nitashughulikia meno kwanza. Suala la utepe nawaachia wenzangu.

Amri ya `ellipse` katika Pillow huchora bila kulainisha. Kila pikseli hupewa jibu moja kati ya mawili: umo, au humo. Chukua duara lako la nusukipenyo 150 na utazame safu ya juu kabisa ya pikseli. Tukiamua kwa kuangalia nukta iliyo katikati ya kila pikseli, nukta hizo ziko nusu pikseli chini ya kilele, na kwa kanuni ya Pythagoras upana wa duara mahali hapo ni kama pikseli 24. Safu ya pili iko pikseli moja na nusu chini ya kilele, na upana wake ni kama 42. Kwa hiyo kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili, ukingo unaruka pikseli 9 kila upande kwa mkupuo mmoja. Ile safu ya juu ya pikseli 24, kwa nukta 300 kwa inchi, inakuwa mstari ulionyooka wa karibu milimita 2 kwenye kadi, na jicho la mtu haliwezi kuukosa. Ndiyo maana unaona ngazi ndefu juu, chini na mbavuni, wakati kwenye digrii 45 ngazi ni za pikseli mojamoja na jicho linazisamehe.

Sasa uliza swali tofauti. Badala ya kuuliza kama pikseli imo au haimo, uliza ni sehemu gani ya eneo lake imefunikwa na duara. Katika safu ileile ya juu, pikseli iliyo katikati kabisa imefunikwa karibu yote. Iliyo umbali wa pikseli 10 kutoka katikati imefunikwa kama theluthi mbili. Iliyo umbali wa 17 imefunikwa kidogo mno, kama asilimia 4. Ukiandika viwango hivyo kwenye kiolezo kama namba kati ya 0 na 255, ngazi inageuka mteremko, na mteremko huo ndio jicho linausoma kama mstari wa duara. Picha yenyewe haiguswi hata kidogo. Hapo ndipo jaribio lako la ukungu lilipokosea njia: ulilainisha sura ya mtoto wakati kilichohitaji kulainishwa ni kiolezo.

Kwa Pillow, njia rahisi ya kupata viwango hivyo ni kuchora kiolezo kikubwa, kisha kukipunguza kwa wastani:

```
from PIL import Image, ImageDraw

D = 300   # kipenyo kwa pikseli
K = 8     # mara ngapi kiolezo kikuzwe

kiolezo = Image.new("L", (D * K, D * K), 0)
ImageDraw.Draw(kiolezo).ellipse((0, 0, D * K - 1, D * K - 1), fill=255)
kiolezo = kiolezo.resize((D, D), Image.BOX)

picha = Image.open("mwanafunzi.jpg").convert("RGB")
picha = picha.resize((D, D), Image.LANCZOS)   # picha iwe mraba tayari
kadi.paste(picha, (60, 169), kiolezo)   # kadi ni turubai yako ya 1011 kwa 638
```

Nimeweka 8 badala ya 4 kwa sababu maalumu. Ukikuza mara 4, kila pikseli inagawanywa vijisehemu 16, hivyo kwa hesabu una viwango 17 vya kufunikwa. Lakini pale juu ya duara, ambako mstari unakaribia kulala, vijisehemu vya safu moja huwa vinaingia au kutoka kwa pamoja, na viwango vinavyoonekana kwa kweli ni vitano tu au zaidi kidogo. Kwa duara dogo hutagundua tofauti. Kwa duara la pikseli 300 utaziona ngazi hafifu ukikaza macho. Kwa 8 hali hiyo inatoweka. Kiolezo kikubwa kitachukua pikseli 2400 kwa 2400, yaani chini ya megabaiti 6 za kumbukumbu, na unakitengeneza mara moja tu kwa kadi zote.

Kwa kiolezo ninapendelea kichujio cha `BOX`, kwa kuwa kinatoa wastani halisi wa vijisehemu vilivyomo ndani ya pikseli. `LANCZOS` kinafaa zaidi kwa sura, ambako tunataka macho na nyusi zibaki kali.

Zingatia pia lile `- 1`. Katika Pillow, pikseli ya mwisho unayoitaja huhesabiwa kuwa ndani ya umbo. Ukiiacha, duara linazidi turubai kwa pikseli moja, na ubavu wa kulia pamoja na sehemu ya chini vinakatwa bapa.

---

bandari_msimbo amejibu:

Mimi kwa kazi kama hiyo hutumia njia fupi zaidi: ninachora kiolezo kwa ukubwa uleule wa 300, kisha ninapitisha ukungu wa Gauss wa kipimo cha 1 juu ya kiolezo peke yake, si juu ya picha. Meno yanapungua bila kukuza chochote, na sura inabaki kama ilivyo. Kwa picha za wasifu kwenye tovuti sijawahi kusikia malalamiko.

---

mwl_jiometri amejibu:

Ndugu bandari_msimbo, njia yako inafanya kazi na nimeiona ikitumiwa na watu makini, ila kwa kazi ya kuchapa ina kasoro mbili ambazo ni vyema mwuliza azijue. Ukungu haurudishi taarifa iliyokwisha kupotea. Ile ngazi ya pikseli 9 bado ipo; imefunikwa tu kwa ukungu, na kwa kuwa ukungu wa kipimo cha 1 hauwezi kuenea hadi pikseli 9, ngazi inabaki kama wimbi. Kasoro ya pili ni kwamba ukungu unataka nafasi pande zote mbili za ukingo. Duara linalogusa mipaka ya kiolezo halina nafasi upande wa nje, kwa hiyo mteremko unakatwa katikati na duara linapata sehemu nne bapa: juu, chini, kulia na kushoto. Anayetaka kutumia ukungu aache ukingo mtupu wa pikseli tatu hivi kuzunguka duara.

---

binti_ngamiani amejibu:

Kaka fundi_kadi, nimesoma maelezo yako mara mbili na ninaamini nimeuona utepe wako wa kijivu unakotoka. Uko kwenye hatua hii uliyoitaja kwa kupita: kuibandika PNG kwenye tabaka tupu lenye uwazi.

Bila shaka unaibandika kwa `paste`, ukitoa PNG yenyewe kama kiolezo chake. Amri ya `paste` haijui maana ya uwazi. Inachukua namba za picha ya juu na namba za picha ya chini, na kuzichanganya kulingana na kiolezo, chaneli moja baada ya nyingine, na chaneli ya alfa, yaani namba inayosema pikseli inaonekana kwa kiasi gani, inachanganywa vivyo hivyo kana kwamba ni rangi ya nne. Tabaka lako tupu limejazwa sifuri nne: nyekundu 0, kijani 0, buluu 0, alfa 0. Ingawa halionekani, ndani yake ni jeusi.

Tuifuate pikseli moja ya ukingoni, mahali pa shati jeupe, yenye rangi 240 na alfa 128, yaani imefunikwa nusu. Ikibandikwa, rangi yake inachanganyika nusu kwa nusu na ule weusi usioonekana, na kuwa kama 120. Alfa nayo inachanganyika nusu kwa nusu na sifuri, na kutoka 128 inashuka hadi 64. Baadaye tabaka linapowekwa juu ya kadi nyeupe ya mwalimu, robo ya 120 inajumlishwa na robo tatu za 255, na jibu ni 221. Jibu lililotakiwa ni nusu ya 240 na nusu ya 255, yaani karibu 247. Hiyo tofauti ya 26 kati ya shati jeupe na kadi nyeupe ndiyo penseli uliyoiona. Kila pikseli ya ukingoni imetozwa uwazi mara mbili, na kwa kuongezea imepakwa masizi.

Tiba zipo mbili. Iliyo nyepesi ni ile iliyomo ndani ya msimbo wa Mwalimu (mwl_jiometri) hapo juu: usipite kwenye tabaka tupu kabisa. Bandika picha ya RGB moja kwa moja juu ya kadi isiyo na uwazi kwa kutumia kiolezo, na `paste` itatoa jibu sahihi, kwa kuwa chini yake kuna rangi ya kweli ya kuchanganya nayo. Kama unalihitaji tabaka kwa sababu za mpangilio wa kazi yako, basi tumia `Image.alpha_composite`, au `tabaka.alpha_composite(picha, (x, y))`, ambayo inafuata kanuni ya kuweka kitu juu ya kingine jinsi Thomas Porter na Tom Duff walivyoiandika mwaka 1984 wakiwa kwenye kampuni ya filamu ya Lucasfilm. Msingi wa kanuni yao ni kwamba alfa hubeba kiasi cha pikseli kilichofunikwa, na rangi hubebwa ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa hiyo. Pikseli tupu inakuwa haina rangi ya kuchangia, wala nyeusi wala nyeupe.

Ninalisisitiza jambo la mwisho kwa sababu utaukuta utepe huuhuu mahali pengine ukiwa na sura nyingine. Faili la PNG huhifadhi rangi ambayo haijazidishwa kwa alfa. Ukilisoma na kulipunguza ukubwa kwa chombo kinachoshughulikia kila chaneli peke yake, rangi ya pikseli zisizoonekana, ambayo mara nyingi ni nyeusi, inavuja kwenye ukingo wakati wa kuchukua wastani. Pillow inalijua jambo hili: ukiita `resize` kwa picha ya RGBA (rangi tatu pamoja na alfa) kwa kichujio chochote isipokuwa `NEAREST`, inazidisha rangi kwa alfa kwanza, inapunguza, kisha inagawanya tena. `cv2.resize` ya OpenCV, maktaba nyingine ya picha, haifanyi hivyo, kwa hiyo humo inabidi uzidishe na kugawanya mwenyewe. Mimi nilipoteza siku mbili kabla ya kulifahamu hilo, kwenye nembo ya duka la mteja iliyokuwa ikitoka na kivuli ambacho hakuna aliyekiomba.

---

sheda_na_rangi amejibu:

Ningependa kuongeza njia ambayo haikuzi chochote, kwa faida ya wale wanaofanya kazi hii kwenye kichakata michoro, ambako kuchora kiolezo kikubwa ni gharama isiyo ya lazima.

Duara ni umbo ambalo umbali wa nukta yoyote kutoka ukingo wake unajulikana kwa hesabu fupi: chukua umbali kutoka katikati ya duara hadi katikati ya pikseli, uutoe kwenye nusukipenyo. Jibu likiwa chanya uko ndani, likiwa hasi uko nje. Ongeza nusu, kisha libane lisipungue 0 wala kuzidi 1. Namba hiyo ni kiasi cha pikseli kilichofunikwa, kwa ukaribu ambao kwa duara kubwa hutautofautisha na hesabu kamili, na haina viwango 17 vya kukuza mara 4 wala 65 vya kukuza mara 8, inateremka mfululizo. Kwa Python unaweza kuifanya kwa NumPy, maktaba ya hesabu:

```
import numpy as np
y, x = np.mgrid[0:300, 0:300] + 0.5
umbali = np.hypot(x - 150, y - 150)
alfa = np.clip(150 - umbali + 0.5, 0, 1)
kiolezo = Image.fromarray((alfa * 255).round().astype("uint8"))
```

Ile `+ 0.5` ya mstari wa pili watu huisahau, na ndiyo inayopima kutoka kati ya pikseli badala ya kona yake. Bila hiyo duara linasogea nusu pikseli kuelekea kulia na chini, na ukingo wa kulia unakuwa tofauti na wa kushoto. Jambo jingine: kwa hesabu hii mteremko unatoka nje ya duara kwa nusu pikseli, hivyo ni vizuri nusukipenyo kiwe 149.5 ili usikatwe na mpaka wa kiolezo.

Kwenye sheda, yaani programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kichakata michoro, hesabu ni hiyohiyo, ila upana wa mteremko hutakiwi kuukadiria, kwa sababu picha inaweza kukuzwa au kuzungushwa na pikseli ya skrini ikawa na kipimo kingine kabisa. Huko hutumika `fwidth`, inayoeleza umbali unabadilika kiasi gani kutoka pikseli moja hadi jirani yake. Katika OpenGL ES 3.0, mfumo wa michoro wa simu, imo tayari. Katika ES 2.0 inabidi kuomba kiendelezi cha `GL_OES_standard_derivatives`, na simu za zamani bado zinakutana na suala hilo. Nimeona watu wakiwasha sampuli nyingi kwa kila pikseli, ile inayoitwa MSAA, wakitegemea kuwa italainisha duara lililokatwa ndani ya sheda kwa `discard`, amri ya kuitupa pikseli. Haiwezi, kwa kuwa inalainisha kingo za pembetatu zinazochorwa, nayo picha yako imechorwa kwenye pembetatu mbili zinazounda mraba. Mraba utalainika, duara litabaki na meno.

---

dada_mhandisi amejibu:

Kwa kuwa mada imefika kwenye simu, naomba niwasemee wanaotumia Android na Java, maana wengi huingia hapa wakitafuta tatizo hilihili.

Katika Android, hasa matoleo ya zamani, `canvas.clipPath` huweza kukata bila kulainisha, na kuwasha `ANTI_ALIAS_FLAG` kwenye rangi ya kuchorea hakusaidii, kwa sababu alama hiyo inahusu umbo linalochorwa wala si mkato uliowekwa kabla yake. Inayofaa ni kuipindua kazi: badala ya kukata turubai kwa duara na kuchora picha ndani, chora duara lenyewe, na picha iwe ndiyo rangi yake. Unatengeneza `BitmapShader` kutokana na picha, unaiweka kwenye `Paint` iliyowashwa ulainishaji, kisha unaita `drawCircle`. Mfumo unajua kulainisha duara, na unaulainisha ukingo wa picha pamoja nalo.

Java ya kompyuta ina tabia hiyohiyo. `setClip` ya `Graphics2D` hutoa meno hata ukiwasha `KEY_ANTIALIASING`. Humo ninachora duara lililolainishwa kwenye picha tupu ya ARGB, ninabadilisha kanuni ya mchanganyiko kuwa `AlphaComposite.SrcIn`, kisha ninachora picha juu yake. Picha inabaki pale tu palipokuwa na duara, kwa kiasi kilekile cha kufunikwa. Jina la kanuni hiyo, kama yalivyo majina ya wenzake, limetoka kwenye andiko la Porter na Duff ambalo dada binti_ngamiani amelitaja.

---

fundi_kadi amejibu:

Wakuu, nimetumia njia ya mwl_jiometri na meno yamekwisha. Tabaka tupu nimeliondoa kama dada alivyoelekeza, na kadi za walimu zimetoka bila utepe. Nilifungua mojawapo ya kadi za zamani na kusoma namba za pikseli za ukingoni: kulikuwa na 221 na 219 mahali ambapo sasa pana 247 na 246. Nimegundua pia kwamba katika msimbo wangu wa kwanza sikuwa nimeweka lile `- 1`, na ubavu wa kulia wa kila duara ulikuwa umekatwa bapa bila mimi kugundua.

Ninabaki na jambo moja. Mwalimu mkuu ameona kadi, akapendezwa, na sasa anaomba kwenye bango la wahitimu wanafunzi wakatwe kwa kufuata umbo la kichwa na mabega badala ya duara. Kiolezo ninacho tayari, nimekichora kwa mkono na kukilainisha kama mlivyonifundisha. Lakini kuzunguka nywele kunabaki mwanga wa buluu, na bango ni la rangi ya maziwa, hivyo watoto wanaonekana kama wamevaa taa. Kiolezo kikiwa sahihi, buluu hii inatoka wapi?

---

binti_ngamiani amejibu:

Kiolezo chako ni sahihi, kaka. Rangi ndiyo isiyo sahihi. Kwenye duara, pikseli ya ukingoni ilikuwa na rangi moja ya kweli, ya shati au ya kitambaa, na wewe ukaamua kuchukua nusu yake. Kwenye nywele, kamera yenyewe ndiyo iliyochanganya: pikseli moja ilipokea mwanga wa unywele na wa kitambaa kwa pamoja. Ukiiweka kwa alfa ya nusu juu ya rangi ya maziwa, unapeleka nusu ya mchanganyiko, na ndani ya mchanganyiko huo kitambaa kimo.

Bahati yako ni kwamba kitambaa ni cha rangi moja na unaijua. Chukua chaneli ya buluu: unywele una 30, kitambaa kina 220, pikseli imefunikwa nusu, hivyo kamera ilirekodi 125. Toa mchango wa kitambaa, ambao ni nusu ya 220, yaani 110, inabaki 15. Gawanya kwa alfa, yaani nusu, na unapata 30, rangi ya unywele kabla haijachanganywa. Fanya hivyo kwa chaneli zote tatu kabla ya kuweka picha kwenye bango, ukibana majibu yasitoke nje ya 0 na 255. Pale ambapo alfa ni ndogo sana, tuseme chini ya asilimia 10, usigawanye, kwa sababu kosa dogo la kiolezo linakuzwa mara kumi na utapata vitone vya rangi za ajabu. Chukua rangi ya pikseli jirani iliyo ndani zaidi ya nywele. Kitambaa chenye mikunjo nacho hakina buluu moja, kwa hiyo pima rangi yake karibu na kila kichwa badala ya kutumia namba moja kwa picha nzima.

---

sheda_na_rangi amejibu:

Kwa bango naongeza jambo moja, kwa kuwa litatazamwa kwa karibu. Namba zilizomo kwenye faili la picha si kipimo cha mwanga moja kwa moja. Zimepindwa kwa kanuni ya sRGB, ile ya kawaida ya kuhifadhi rangi za picha. Nusu nyeusi na nusu nyeupe kwa mwanga wa kweli ni 188, wakati wastani wa namba zenyewe ni 128. Ukichanganya bila kuzinyoosha, nywele nyeusi juu ya rangi ya maziwa zitaonekana nene kidogo kuliko zilivyo. Kwa kadi ya duara hilo halionekani na nisingelihangaikia. Kwa nywele nyembamba linaonekana, hivyo nyoosha namba kwanza, fanya utoaji na ugawanyaji aliouonyesha dada pamoja na mchanganyiko wa mwisho, kisha uzirudishe kwenye sRGB wakati wa kuhifadhi.

Kumbuka tu kwamba zile 30, 220 na 125 alizitoa kwa mfano rahisi wa namba zilizopindwa. Ukinyoosha, hesabu ni ileile lakini namba zitakuwa nyingine.

---

fundi_kadi amejibu:

Nimeijaribu kwa picha tatu, mojawapo ya msichana mwenye nywele za afro zilizotimka, ambayo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Buluu imeondoka. Pembeni mwa sikio la kushoto pamebaki vitone viwili vya zambarau, mahali ambapo kitambaa kilikuwa na mkunjo. Nimepima rangi ya mkunjo huo peke yake, navyo vikaondoka. Kazi ya kunyoosha namba nimeiweka kwa bango tu, kadi nimeziacha kama zilivyo. Ninawashukuru nyote. Nitauacha msimbo kamili hapa baada ya kuondoa majina na picha za wanafunzi, ili atakayekuja na swali hili aukute.